Wiki Nane za Muhonja

Mke wangu Muhonja alipasuliwa tumbo Bombei mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1997, akarudi mtaani kwetu Jericho akitembea kwa miguu yake, akafa siku mbili baada ya Krismasi. Watu wamesema mengi juu ya jambo hilo, na mimi nimesema kuliko wote. Nimewalaumu waliompasua. Nimewalaumu walioshika funguo za maji na walioshika funguo za hospitali. Bado nawalaumu. Lakini kuna kitu kimoja ambacho sikuwa nimekisema kwa mtu, mpaka Pasaka hii iliyopita.

Muhonja alikuwa mwanamke mkubwa. Sisemi mnono, maana hilo ni neno la kuku. Mkubwa. Akiingia ndani ulijua nyumba ina mwenyewe. Nilimwoa kule Vihiga akiwa mwembamba kama mwiko, na kila kilo aliyoongeza niliiona ikija nikaipenda. Miaka kumi na sita alikuwa mpishi wa familia moja ya Kihindi kule Parklands. Huko ndiko sukari na presha zilimkuta, kisha magoti. Mwaka ule wa mwisho akishuka basi pale stejini alikuwa anapumzika mara nne kabla ya kufika mlangoni kwetu, na watoto wa mtaa walizijua zile sehemu nne, wakamwekea mawe ya kukalia.

Yule mama wa Parklands aliyemwandika alikuwa na kaka yake daktari Bombei. Huyo daktari alikuwa anawakata watu wazito tumbo ili wale kidogo, wapungue, sukari ishuke. Mama akasema anasafiri kumwona kaka yake, na Muhonja ataenda naye, atatengenezwa, hatatoa hata senti. Nitasema ukweli, yule mama alimpenda mke wangu. Lakini mkubwa hata akikupenda anakupenda kwa amri. Mimi niliitwa jioni moja kutia sahihi kwenye karatasi ya Kiingereza. Nimesoma mpaka darasa la nne. Nilisimama mlangoni mwa jikoni, kofia mkononi, nikaandika jina langu pale kidole chake kilipoonyesha. Hakuna aliyeniuliza, Shiundu, wewe unaonaje.

Nilikuwa naona nitarudishiwa nusu ya mke. Lakini Muhonja mwenyewe alitaka.

"Baba Shitanda," aliniambia, "nataka nishuke mtoni kwetu kwa miguu yangu nimchotee mama maji. Mara moja tu kabla hajafa."

Shitanda ni kijana wetu, yuko Eldoret na watoto wake. Na mama mkwe alikuwa anakaribia miaka tisini. Ningekataaje?

Alikaa huko wiki mbili na siku kadhaa. Aliporudi ilikuwa ile mvua ya Elnino, barabara yote matope, na gari la mama wa Parklands likamshusha kule stejini. Nilimfuata na mwavuli. Alitembea mpaka nyumbani akapumzika mara mbili tu. Mara mbili. Jiwe la tatu alilipita akalipungia mkono kama mtu anayemuaga jirani.

Ndani akafungua blauzi akanionyesha kovu, kutoka chini ya maziwa mpaka kitovuni.

"Wameacha kifuko kidogo kama yai la kuku," akasema. "Chakula kinaingia hapo, halafu kuna katundu kadogo ka kushukia. Pembeni wamefunga na pini za chuma."

"Pini kama zile za karatasi?"

"Kama zile za karatasi. Wewe si ni fundi wa bati? Basi na mimi sasa ni bati."

Tulicheka, akashika kidonda, akaniambia nisimchekeshe tena mpaka mwaka mpya.

Alikuja na karatasi ya masharti. Mdogo wake Everline, anayekaa Dandora na kupiga taipu kwa ofisi ya wakili mjini, ndiye alitusomea. Maji. Uji mwepesi uliochujwa. Supu isiyo na nyama. Kitu chochote kigumu, hapana, mpaka wiki nane ziishe tangu siku ya kupasuliwa, maana pini zinahitaji nyama ishikane kwanza. Akaibandika ukutani karibu na kalenda, akazungushia kalamu nyekundu tarehe ambayo wiki nane zingeisha. Ilikuwa mwezi wa kwanza.

"Shemeji, umesikia? Wiki nane. Najua wewe na tumbo lako, usije ukamwonjesha."

"Nimwonjeshe nini? Mimi hata kupika sijui."

"Hapo ndipo naogopa. Utampa ugali mbichi."

Muhonja akasema wote tunyamaze, mgonjwa ni yeye, na yeye ndiye atajichunga.

Mimi nafanya kazi Kamukunji, kwenye mabati. Natengeneza sufuria, karai, masanduku ya watoto wa bodi, wale wanaolala shuleni. Wiki ile nilikata kipande cha alumini nikatengeneza sufuria ndogo kuliko zote nilizowahi kugonga, upana wake ngumi yangu moja, na kifuniko chake. Jamaa walinicheka. Munyoki, tunayeshiriki kibanda, akaniuliza kama nimeanza kuwapikia panya. Nikamwambia ndiyo, na panya mwenyewe ametoka Bombei kwa ndege. Nyumbani Muhonja aliigeuzageuza mkononi, akapima kwa kidole, akasema inatosha kabisa, daktari mwenyewe angeitaka.

Kwa hiyo sufuria nilijifunza uji. Uliungua mara ya kwanza na ya pili. Maji yenyewe yalikuwa taabu. Mvua inanyesha mpaka mitaro inafurika, na bombani hakuna tone, siku tatu nne kwa wiki. Walioshika funguo huko juu wanajua wenyewe wanapoyapeleka. Tulinunua maji ya mkokoteni tukayachemsha. Jirani yetu Ruqiyo, Mama Hirad, mke wa mwenye duka la vitambaa, ndiye alitufaa. Kila siku ya pili alileta supu ya mifupa ameichuja kwa kitambaa cheupe mpaka unaona chini ya kikombe.

"Hii si yako, mzee," alikuwa ananiambia mlangoni. "Ukionja nitajua."

"Utajuaje, Mama Hirad?"

"Utapona magoti."

Muhonja alikunywa kijiko kimoja, akangoja, akanywa kingine. Kikombe kimoja cha chai kilimchukua nusu saa. Na kweli alipungua. Pete ikaanza kuzunguka kidoleni. Siku moja nilirudi nikamkuta nje anaanika nguo, mikono juu, na nikasimama kwanza kabla ya kumsalimia, maana kwa nyuma nilimwona yule msichana wa Vihiga. Nilifurahi, tena nilikuwa kama mtu aliyefiwa. Nilimkumbuka mke wangu naye yuko mbele yangu.

Kitu nilichokosa zaidi ni sahani. Miaka ishirini na saba tulikula sahani moja, mimi na yeye, ugali katikati, kila mtu anakula akielekea kwa mwenzake, na nyama ya mwisho tunasukumiana mpaka inapoa. Sasa nilikuwa napika kaugali kangu nakula nje nyuma ya nyumba, nimesimama, kama mlinzi. Siku moja akaniita.

"Unajificha nini huko? Ingia ule hapa nikuone."

"Nitakutesa."

"Unanitesa ukiwa nje. Ingia."

Nikaingia nikala mbele yake. Akawa ananiuliza. Umeshika vizuri? Umeacha uvute moto kidogo? Mboga ya sukuma umetia kitunguu? Nikawa namjibu kila swali, na yeye anatikisa kichwa, anameza mate. Ikawa desturi yetu kila jioni. Nilikula mpaka nikanenepa.

"Unajua," aliniambia jioni moja, "tumbo halina njaa. Tumbo halitaki kitu. Njaa iko hapa." Akanionyesha vidole vya mkono wa kulia. "Hivi vinataka kumega."

Nilimshika vile vidole.

Akina mama wa kanisa walikuja Jumapili moja na kuku wa kupika na ugali umefungwa kwa kitambaa, mkubwa kama jiwe la kusagia. Kwetu huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, na mgonjwa akikataa chakula chako umejua ana neno na wewe. Muhonja akawaeleza, akawaonyesha karatasi ukutani. Waliitazama kama watu wanaoonyeshwa picha ya nchi ya mbali.

"Shiundu," mmoja akanigeukia, "huyu unamfuga kwa maji? Atasimama na nguvu gani?"

"Ni amri ya daktari, mama."

"Daktari wa Bombei anajua ugali? Hajawahi kuuona, atajuaje kama ni mbaya?"

Wakacheka, na Muhonja akacheka nao. Mimi nilicheka kidogo tu. Yale maneno yalinibaki.

Siku ya Krismasi ilikuwa wiki ya sita. Everline alikuwa amepanda kwenda kwa mama yao Vihiga. Ruqiyo alikuwa Eastleigh kwa dada yake. Nusu ya mtaa ilikuwa imefungwa, waliobaki walikuwa wanabishana juu ya kura, maana uchaguzi ulikuwa siku nne mbele, na magari yenye vipaza sauti yalipita matopeni yakiahidi watu maji. Sokoni nilikuta mama mmoja na fungu la mrenda, ile mboga yetu ya majani, mbichi, umetoka nyumbani usiku huo. Niliununua uwe wangu mwenyewe. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilitaka kula Krismasi kitu cha kwetu.

Niliupika jinsi nilivyomwona Muhonja akiupika, na maziwa, na munyu, ile chumvi ya majivu tunayotumiwa kutoka nyumbani. Harufu ikajaa chumba. Muhonja alikuwa amelala. Akaamka akakaa kitandani.

"Huo ni mrenda."

"Ni wangu."

"Najua ni wako."

Nikakoroga. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Baba Shitanda. Tonge moja."

Nikamwonyesha karatasi ukutani. "Zimebaki wiki mbili."

Hakubishana. Angebishana ningeshinda. Alilala tena akageukia ukuta, na kule ukutani ndiko karatasi ilikuwa, kwa hiyo alikuwa anaitazama hiyo hiyo. Nikauona mgongo wake. Mabega yalikuwa yameisha.

Ndipo nikaanza kufikiria kifundi. Nikajiambia, ni nini wanachoogopa? Kitu kigumu kukwama kwenye katundu. Sasa mrenda si unateleza? Kwetu wazee wasio na jino hata moja wanakula ugali kwa mrenda, hawatafuni, unajishukia wenyewe. Mtoto akiachishwa ziwa huanzishwa na huo huo. Mimi nimepitisha mabomba mangapi mahali pa kubana kwa kupaka mafuta tu? Nikaona waliompasua hawakuandika mrenda kwenye karatasi yao kwa sababu hawaujui. Nikaona nimewashinda akili wenye vyeo vyao.

Nilipika ugali ndani ya ile sufuria ndogo, laini, nikaupindua kwenye sahani. Ulikuwa kama wa kuchezea watoto. Nikaweka sahani katikati yetu.

Muhonja alinawa mikono taratibu, kidole kwa kidole. Akamega. Alifinyanga lile tonge muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona, akatia shimo kwa dole gumba, akachovya, na mrenda ukavutika mpaka akauzungusha kidoleni kuukata, vile alivyofanya siku zote. Akala. Akafunga macho.

"Sasa," akasema, "nimerudi kutoka Bombei."

Alikula matonge matatu. La nne alinisukumia mimi, akasema ameshiba. Tukakaa. Alinisimulia juu ya mto wao na jiwe moja ambalo wasichana walikuwa wanasugulia miguu, akasema tutaenda mwezi wa pili. Kwa muda wa saa moja hivi tulikuwa watu wa zamani.

Saa tisa alasiri akaanza kutapika, na kilichotoka kilikuwa povu tu. Saa kumi akashika bega la kushoto.

"Bega linauma," akasema. "Si tumbo ndilo walikata? Mbona bega?"

Kijana wa duka jirani alitupeleka hospitali kwa pikapu. Jina la hospitali silitaji. Wauguzi walikuwa wamegoma, na sina ugomvi nao, walikuwa na haki yao. Ugomvi wangu ni na wale waliowaacha wagome wiki baada ya wiki huku wao wakitibiwa nje. Kulikuwa na daktari mmoja, kijana, macho mekundu, na foleni mpaka nje. Alibonyeza tumbo la Muhonja, likawa gumu kama ubao.

"Amekula nini?" akaniuliza.

Muhonja alijibu kabla sijafungua mdomo. "Uji."

Akanitazama. Nikaelewa alichokuwa ananifanyia, na nikakubali. Hilo ndilo nililokubali maishani ambalo ingenifaa kulikataa. Daktari akanigeukia.

"Uji peke yake, mzee?"

"Uji," nikasema.

Akataka barua ya waliompasua. Nikarudi Jericho nikabandua ile karatasi ukutani nikampelekea. Akaisoma mara mbili, akanirudishia, akasema operesheni ya namna hii hajawahi kuiona, itabidi aitwe mkubwa wake. Mkubwa alikuwa amekwenda nyumbani kwao kwa sikukuu. Nilipigia simu Parklands kutoka kibanda cha nje, ikalia mpaka ikakatika. Wako Mombasa, mlinzi wao aliniambia baadaye. Siku nzima iliyofuata nilishika chupa ya maji ya dripu kwa mkono wangu, maana mahali pa kuitundika palikuwa pamevunjika. Mkubwa alifika asubuhi ya siku ya tatu. Muhonja hakumngoja.

Tulimzika Vihiga baada ya kura. Mama yake alikuwa anaketi mlangoni, akaniuliza mwanawe alikula nini mara ya mwisho. Akina mama wa kwetu huuliza hivyo. Nikamwambia uji. Akasema, uji tu, maskini, amekufa na njaa. Alirudia hayo maneno mpaka alipokufa yeye mwenyewe mwaka uliofuata, kwamba binti yake alikufa na njaa, na mimi nilikuwa nayasikia kila nikienda huko, nanyamaza.

Nikabaki na kulaumu. Nililaumu sana, hotelini, Kamukunji, kanisani mpaka mchungaji akaniomba nipumzike. Mama wa Parklands alikuja mara moja, akalia kwenye kiti chetu, akaenda. Baadaye wakahamia Uingereza wote. Kila kitu nilichosema juu ya hao wakubwa kilikuwa kweli. Na kila nikisema, nilikuwa naiona ile sufuria kwenye rafu.

Jumapili ya Pasaka mwaka huu, Everline alikuja baada ya kanisa. Alikuwa na faili ya ofisini. Alikaa mezani akavua viatu.

"Shemeji, wakili wangu ameangalia ile karatasi ya Bombei. Anasema kuna kesi. Mtu mwenye pini tumboni wanamwachaje asafiri bila kumkabidhi kwa daktari yeyote huku? Na hospitali yenyewe, siku mbili bila mkubwa. Anataka maelezo yako. Wewe sema, mimi naandika."

Hicho ndicho kitu nilikuwa nimekiomba mwaka na zaidi. Wakubwa wasimame mbele ya mtu, waulizwe. Nikavuta kiti. Tukaanza vizuri, jina langu, jina lake, tarehe aliyosafiri, tarehe aliyorudi. Everline anaandika haraka, kalamu haimwachi. Tukafika Krismasi.

"Sasa hapa. Siku hiyo mgonjwa alikula nini?"

Aliuliza bila kuniangalia, alikuwa ameshaanza kuandika herufi ya kwanza. Niliiona. Ilikuwa U. Ningenyamaza tu angeimalizia mwenyewe, maana hata yeye alikuwa anajua jibu.

"Andika ugali," nikasema.

Kalamu ikasimama.

"Ugali gani?"

"Ugali. Na mrenda. Mimi ndiye nilipika. Yeye alimwambia daktari ni uji ili nisilaumiwe, na mimi nikamwachia aseme."

Everline hakupiga kelele. Alifunika kalamu. Akainuka akaenda kwenye rafu akachukua ile sufuria ndogo, akaigeuza, akatazama ndani yake.

"Kwa hii?"

"Kwa hiyo."

Akakaa nayo mapajani. Nje watoto walikuwa wanacheza mpira, na nilisubiri anitukane. Nilikuwa tayari. Ningekuwa yeye ningenitukana.

"Mrenda ulitia maziwa?" akauliza.

"Nilitia. Na munyu."

"Ulimlisha, au alikula kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake. Alinawa kwanza."

"Matonge mangapi?"

"Matatu. La nne alinipa mimi."

Akafuta uso kwa kiganja. "Alishiba, shemeji?"

"Alishiba. Alisema sasa amerudi kutoka Bombei."

Everline akalia hapo kwa muda, sufuria mikononi, na mimi sikumgusa. Kisha akafungua kalamu tena, akaandika. Alisema kwa maneno hayo kesi inaweza kufa kabla haijasimama. Nikamwambia najua. Akasema lakini ya mkubwa kutokuwepo itabaki, hiyo haiwezi kufutwa na ugali, na nikamwambia hiyo aiandike kwa herufi kubwa. Alipomaliza alinisomea yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, polepole, mpaka mwisho, akaniuliza kama ndivyo. Nikasema ndivyo. Nikatia sahihi.

Kisha akaniuliza kama kuna unga ndani ya nyumba. Nikamwambia unga uko, ila mboga mpaka twende sokoni.